Miaka Themanini na Siku Moja

Mwaka 1980 serikali ya Margaret Thatcher nchini Uingereza ilipitisha sheria iliyowapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba walizokuwa wakiishi. Waliokuwa kwenye nyumba za chini, kwa kawaida, walipata nyumba na kiwanja chake. Waliokuwa ghorofani walipata kitu kingine: mkataba wa kuikalia fleti, mara nyingi kwa miaka 125, huku ardhi, kuta za nje, paa na ngazi vikibaki kuwa mali ya halmashauri. Wakati ule miaka 125 ilionekana kama milele. Lakini mkataba wa miaka 125 ulioanza mwaka 1981 unakwisha mwaka 2106, na mwaka 2026 unabakiwa na miaka 80.

Themanini ndiyo namba inayowanyima usingizi mawakili na wathamini wa England na Wales. Mkataba ukishuka hadi hapo, bei ya kuuongeza muda hupanda ghafla, wala si kwa sababu fleti imepanda thamani, bali kwa sababu sheria imeweka mstari mahali hapo.

Umiliki wa aina hii si jambo dogo kule. England peke yake ina makazi karibu milioni 5 yanayoshikiliwa kwa mkataba wa muda, na mengi yake ni fleti. Mwenye fleti amelipa bei kamili, amechukua mkopo benki, anapaka rangi na kubadilisha jiko, lakini kisheria yeye ni mpangaji wa muda mrefu. Juu yake yupo mwenye ardhi, ambaye anaweza kuwa halmashauri, kampuni ya uwekezaji au ukoo wa kitajiri. Muda ukiisha, fleti inarudi kwa mwenye ardhi huyo. Msomaji wa Tanzania atakumbuka hatimiliki za miaka 33, 66 na 99, ila Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Kule England anayesubiri mwisho wa mkataba ni mtu au kampuni yenye hesabu zake, na hesabu hizo ndizo zinazoamua bei.

Sheria iliyompa mwenye fleti nguvu ya kudai nyongeza ni ya mwaka 1993. Wenye ardhi wakubwa waliichukia. Duke wa Westminster wa wakati huo, ambaye ukoo wake una mitaa mizima ya Mayfair na Belgravia jijini London, alijitoa katika chama cha Conservative kwa hasira. Haikuwa mara ya kwanza ukoo huo kugombana na mageuzi ya namna hiyo: wadhamini wa mali yake walikwisha kwenda hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kupinga sheria ya awali ya mwaka 1967 iliyowahusu wenye nyumba, wakashindwa mwaka 1986. Kwa sheria ya 1993, mwenye fleti mwenye mkataba uliotolewa kwa zaidi ya miaka 21 anaweza kumlazimisha mwenye ardhi ampe mkataba mpya. Mkataba huo unakuwa na miaka iliyobaki pamoja na 90 ya ziada, na pango la ardhi linafutwa kabisa. Mwenye ardhi hawezi kukataa kwa sababu tu hataki. Anachoweza ni kubishania bei.

Bei yenyewe ina vipande vitatu. Cha kwanza ni pango la ardhi ambalo mwenye ardhi hatalipata tena. Kwenye fleti za zamani za halmashauri, kipande hiki ni kidogo sana, kwani sheria iliweka kikomo cha pango kuwa pauni 10 kwa mwaka. Kwenye majengo mapya ya kampuni binafsi mambo yanaweza kuwa tofauti mno, hasa pale pango linapoongezeka maradufu kila baada ya miaka kumi. Mikataba ya namna hiyo ndiyo iliyozua kashfa kubwa miaka ya 2010.

Kipande cha pili ni fidia ya kusubiri. Mwenye ardhi angerudishiwa fleti baada ya miaka 80, sasa atarudishiwa baada ya 170. Fedha ya mbali hivyo ina thamani gani leo? Suala hili lilipiganiwa katika kesi ya Sportelli dhidi ya milki ya Cadogan, wenye ardhi katika mtaa wa Chelsea, London. Baraza la ardhi liliamua mwaka 2006 kwamba kwa fleti thamani hiyo ipunguzwe kwa asilimia 5 kwa kila mwaka wa kusubiri. Kiwango hicho kimebaki kuwa msingi wa hesabu tangu hapo.

Kipande cha tatu ndicho chenye sumu. Fleti yenye mkataba mrefu huuzwa ghali kuliko fleti hiyo hiyo yenye mkataba mfupi, kwa hiyo kurefusha mkataba kunazalisha faida ambayo haikuwepo. Wathamini huiita thamani ya ndoa, na sheria inasema mwenye ardhi apewe nusu yake. Lakini mkataba ukiwa bado na zaidi ya miaka 80 siku notisi inapotolewa, kipande hiki kinahesabiwa kuwa sifuri. Miaka 80 na siku moja, hakuna kitu. Miaka 80 kamili, nusu ya faida inaondoka.

Tuchukue fleti ambayo ikiwa na mkataba mrefu ingeuzwa pauni 300,000, na pango lake ni pauni 10 kwa mwaka. Mkataba ukiwa umebaki miaka 82, fidia ya kusubiri ni kama pauni 5,400, na pango linaongeza chini ya pauni 200. Jumla haizidi sana pauni 5,600. Mwenye fleti hiyo akikaa kimya hadi ibaki miaka 78, fidia ya kusubiri inapanda taratibu hadi kama pauni 6,600. Hiyo peke yake isingemtesa mtu. Sasa tuseme mthamini anaona kwamba kwa mkataba wa miaka 78 fleti inauzika kwa pauni 285,000 tu. Hapo nusu ya thamani ya ndoa ni zaidi ya pauni 4,000, na bei nzima inakaribia pauni 10,900. Miaka minne ya kunyamaza, na gharama imekaribia kuwa maradufu ilhali bei ya fleti haijasogea hata pauni moja. Fleti inapokuwa ya pauni 600,000, vidonda vinakuwa vikubwa kwa kiasi hicho hicho.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuijua tarehe, kabla hata ya kuuliza bei. Nakala ya daftari la umiliki hupatikana mtandaoni kutoka HM Land Registry kwa pauni 7. Wapo wauzaji wengine wa mtandaoni wanaotoza mara kadhaa ya hizo kwa karatasi ile ile. Ndani yake kuna sehemu inayoueleza mkataba. Mstari mmoja unaonyesha tarehe mkataba uliposainiwa, tuseme Septemba 1995. Mstari unaofuata unaonyesha muda: miaka 125 kuanzia tarehe fulani ya mwaka 1982. Watu husoma mstari wa kwanza, wakahesabu kuanzia 1995, wakalala usingizi wa pono. Kinachohesabiwa ni mstari wa pili.

Tofauti hiyo si ya kubuni. Katika majengo ya halmashauri, fleti moja ikishauzwa, sheria iliruhusu mikataba ya fleti zilizouzwa baadaye katika jengo hilo ifupishwe ili yote iishe siku moja na wa kwanza. Mtu aliyenunua kwa halmashauri mwaka 1995 anaweza kabisa kuwa na mkataba unaokwisha siku moja na wa jirani aliyenunua mwaka 1982. Majengo ya kampuni binafsi nayo mara nyingi hutumia tarehe moja ya kuanzia kwa fleti zote, hata zile zilizochukua miaka kuuzwa. Na wenye mikataba ya miaka 99 wasome mara mbili zaidi: mkataba wa miaka 99 ulioanza mwaka 1990 uliuvuka mstari wa themanini mwaka 2009.

Mkataba ukiwa na miaka 85 au chini ya hapo, ni wakati wa kuanza kukusanya makadirio. Shirika la ushauri linalofadhiliwa na serikali, linaloitwa LEASE, hutoa maelezo bure na lina kikokotoo cha kukadiria bei kwenye tovuti yake. Makadirio hayo yanasaidia kujua kama mtu anazungumzia elfu tano au elfu hamsini, basi. Kwa hatua inayofuata anahitajika mthamini aliyesajiliwa na chama cha RICS na mwenye uzoefu wa kazi hii hasa, pamoja na wakili wa aina hiyo hiyo. Chama cha ALEP huorodhesha mawakili na wathamini waliobobea hapo. Wakili aliyemsaidia mtu kununua fleti, hata akiwa mzuri kiasi gani, si lazima awe ameshawahi kuandika notisi hata moja ya sheria ya 1993.

Na hapa ndipo wengi hupotea. Kuna njia mbili za kuongeza mkataba. Moja ni ya kisheria, ya notisi. Nyingine ni ya mazungumzo: mtu anampigia au anamwandikia mwenye ardhi, wanakubaliana, mawakili wanaandika. Njia ya mazungumzo inavutia kwa sababu inaonekana ya haraka na ya bei nafuu, na wakati mwingine ni kweli. Ila mwenye ardhi hafungwi na chochote hadi siku ya kusaini. Anaweza kutoa bei nzuri mwezi Machi, akachelewesha barua kwa miezi kadhaa, kisha akabadilisha bei mwezi Desemba, na katikati ya hayo mkataba ukawa umeshuka chini ya miaka 80. Si lazima awe na nia mbaya. Uzembe wa ofisini unatosha.

Kitu cha pili cha kuangalia katika ofa ya mazungumzo ni miaka na pango. Barua inaweza kusema mkataba utarudishwa kuwa miaka 99 au 125. Kwa mwenye mkataba wa miaka 82, kurudishwa hadi 99 maana yake ni nyongeza ya miaka 17. Ataulipia tena mlango huo huo kabla watoto wake hawajamaliza shule. Kuhusu pango, sheria iliyoanza kufanya kazi tarehe 30 Juni 2022 inazuia pango kutozwa kwenye miaka inayoongezwa, lakini kwa njia ya mazungumzo pango la zamani linaweza kuendelea kwa muda wote uliokuwa umebaki. Kwa njia ya notisi linafutwa siku hiyo hiyo. Bei ndogo iliyoachia pango linalopanda kwa miaka 80 si bei ndogo.

Hakuna ubaya wa kuzungumza. Busara ni kutoa notisi kwanza, kisha kuzungumza huku saa ikiwa imesimama, kwani bei hukadiriwa kwa tarehe ya notisi. Notisi ikitolewa mkataba ukiwa na miaka 80 na siku chache, haijalishi kama mazungumzo yatachukua mwaka mzima baada ya hapo, alimradi tarehe za kisheria zinafuatwa.

Notisi yenyewe ni karatasi yenye meno, na inamng'ata pia anayeiandika vibaya. Lazima imtaje mwenye ardhi anayehusika kisheria, ambaye si lazima awe yule anayetuma bili. Kati ya mwenye fleti na mwenye ardhi wa mwisho panaweza kuwa na kampuni mbili za kati. Lazima itaje bei inayopendekezwa, na bei hiyo iwe ya kweli. Mwaka 1998 Mahakama ya Rufaa ilisikiliza kesi ya Cadogan dhidi ya Morris, ambapo notisi ilikuwa imependekeza pauni 100 kwa fleti ya London iliyostahili fedha nyingi mno kuliko hizo. Mahakama ikaamua kwamba notisi hiyo ni batili. Anayetaka kuanza chini aanze chini, lakini kwa namba ambayo mthamini anaweza kuitetea. Notisi lazima pia impe mwenye ardhi tarehe ya kujibu isiyopungua miezi miwili mbele.

Baada ya hapo kalenda ndiyo inayoongoza. Mwenye ardhi anaweza kudai amana ya asilimia 10 ya bei iliyopendekezwa, au pauni 250 kama hiyo ndiyo kubwa, hivyo fedha iwe tayari. Anaweza kumtuma mthamini wake kuikagua fleti. Akijibu kwa wakati, kwa kawaida atakubali haki na kutaja bei yake, ambayo itakuwa juu. Hilo lisimshtue mtu, ni desturi ya mchezo. Wathamini wawili watakaa na kupunguza tofauti. Wasipoelewana, baada ya miezi miwili na kabla ya miezi sita tangu jibu lilipotolewa, mwenye fleti apeleke maombi kwenye First-tier Tribunal, baraza linaloamua migogoro ya mali England; Wales ina baraza lake. Miezi sita ikipita bila maombi, madai yanahesabiwa kuwa yameondolewa, na itabidi kusubiri miezi 12 kabla ya kutoa notisi nyingine. Mtu aliyetoa notisi akiwa na miaka 80 na nusu anaweza kujikuta anaanza upya akiwa na 79. Mawakili wengi hupeleka maombi hata kama mazungumzo yanaenda vizuri, ili kulinda tarehe tu.

Mwenye ardhi naye ana kalenda yake. Asipojibu hadi tarehe iliyoandikwa, mwenye fleti anaweza kwenda mahakamani ndani ya miezi sita na kupewa mkataba mpya kwa masharti aliyoyapendekeza mwenyewe kwenye notisi, bei ikiwemo. Ndiyo maana namba ya kwanza iliyoandikwa kwa uangalifu ina thamani. Na kama mwenye ardhi hajulikani aliko, mahakama inaweza kutoa mkataba bila yeye.

Gharama za pande zote zihesabiwe mapema. Chini ya sheria ya 1993 mwenye fleti hulipa pia gharama za haki za wakili na mthamini wa mwenye ardhi, ila si zile za mapambano mbele ya baraza. Watu hukasirika wanapoiona bili hiyo, na hasira yao inaeleweka. Kumlipia mpinzani wakili wake ni jambo la ajabu. Sheria mpya inakusudia kulibadilisha hilo.

Sheria hiyo mpya ndiyo inayowafanya wengi wakae na kusubiri. Ilipitishwa tarehe 24 Mei 2024, siku za mwisho za bunge lile. Inaahidi nyongeza ya miaka 990 badala ya 90, na inaifuta thamani ya ndoa. Sehemu moja tayari inafanya kazi: tangu tarehe 31 Januari 2025, aliyenunua fleti hahitaji tena kungoja miaka miwili ndipo adai nyongeza. Lakini sehemu kubwa, zile za bei, zilikuwa bado hazijaanza kutumika kufikia mwisho wa mwaka 2025. Wenye ardhi wakubwa walizipinga mahakamani kwa hoja ya haki za mali, na Mahakama Kuu ikatupilia mbali madai yao mwezi Oktoba 2025. Hata hivyo viwango vipya vya kukokotoa bei vinabaki kupangwa na serikali, na viwango hivyo vinaweza kuwa na uzito kama ule wa thamani ya ndoa yenyewe.

Je, kusubiri kuna maana? Kwa mtu ambaye mkataba wake umeshashuka hadi 70, hana mpango wa kuuza na mkopo wake hauhitaji kubadilishwa, kusubiri ni kamari yenye mantiki: hasara kubwa keshaipata, na mageuzi yakija anaweza kuokoa fedha nyingi. Kwa mwenye miaka 81 au 82 hali ni kinyume. Leo thamani ya ndoa kwake ni sifuri. Akisubiri na mageuzi yakachelewa, anajitumbukiza kwenye gharama ambayo hakuwa nayo. Anayeambiwa na rafiki kwamba serikali itafuta kila kitu mwaka huu amuulize rafiki huyo kama yuko tayari kulipa tofauti.

Wanaouza na wanaonunua wana mlango wao. Muuzaji anaweza kutoa notisi na kumkabidhi mnunuzi haki za notisi hiyo pamoja na mkataba, siku moja. Mnunuzi anaendelea kutoka pale pale, na tarehe ya hesabu haibadiliki. Kwa fleti iliyobakiwa na miaka 80 na miezi mitatu, hili ni jambo la kudai kabla ya kusaini chochote. Dalali akisema litashughulikiwa baadaye, jibu liwe hapana. Benki nazo zina viwango vyake vya miaka inayotakiwa, na nyingi hukunja uso mkataba unapokaribia 70. Fleti ambayo benki haitaki kuikopeshea inabaki kusubiri mnunuzi wa fedha taslimu, naye hushusha bei anavyotaka.

Waliopanga kwa mpango wa ubia na chama cha nyumba, yaani waliomiliki sehemu tu ya fleti, waulize kwanza kama haki hii inawahusu, kwani mara nyingi haiwafikii hadi wanunue asilimia 100. Na wanaoishi kwenye majengo ya mita 11 au zaidi, au ya ghorofa tano na kuendelea, wana jambo jingine la kumuuliza wakili. Sheria ya usalama wa majengo ya mwaka 2022, iliyotungwa baada ya moto wa jengo refu la fleti la Grenfell, inawakinga wenye fleti wengi dhidi ya bili za kuondoa vifuniko hatari vya kuta, na kinga hiyo iliambatanishwa na mikataba iliyokuwepo tarehe 14 Februari 2022. Mwanzoni kulikuwa na hofu ya kweli kwamba mkataba mpya ungeivunja kinga. Marekebisho ya mwaka 2023 yaliziba pengo hilo, lakini wakili athibitishe kwa maandishi kwamba mkataba mpya umebeba kinga ya ule wa zamani, na nyaraka za uthibitisho zihifadhiwe. Mnunuzi wa kesho atazidai.

Bei ikishakubaliwa, kazi haijaisha. Pande mbili zina miezi miwili ya kukamilisha mkataba mpya, na zikishindwa, mwenye fleti ana miezi miwili mingine tu ya kwenda mahakamani kabla madai hayajafutika. Benki yenye rehani ijulishwe kabla, kwa kuwa rehani inapaswa kuhamia kwenye mkataba mpya. Kisha mkataba usajiliwe HM Land Registry. Usajili ukikamilika, mwenye fleti aagize tena nakala ya pauni 7 na kuusoma ule mstari wa muda kwa macho yake mwenyewe: miaka iliyoandikwa, tarehe ya kuanzia, na pango.